Pazia Lililotulia

Upepo wa Homa Bay hauna adabu. Mchana unatoka ziwani, alfajiri unageuka na kushuka kutoka mlimani, na safari zote mbili zilipitia ndani ya nyumba ya Dolphine bila hata hodi.

Mumewe, Chrispine, Mungu amrehemu, ndiye aliyetaka madirisha makubwa. Alikuwa akiendesha trekta za miwa kule Awendo, na kila akirudi nyumbani alirudi na mfuko wa saruji au chuma. Nyumba ilipofika usawa wa madirisha akasema hataki vijidirisha vya kuchungulia kama mwizi. Anataka kukaa kwenye kochi lake aone ziwa lote. Haya, akapata ziwa. Akapata na upepo, kwa sababu fundi wa kuchomelea alikuwa na pupa, fremu zikatoka zimepinda, na ukifunga dirisha bado kidole kinapita. "Nitayarekebisha," akasema Chrispine. Ini lake likamwahi kabla hajarekebisha chochote.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu azikwe, na aliyekuwa akilipia fremu zile zilizopinda ni bintiye, Lynnet, mtoto wa miaka sita mwenye kifua chepesi. Nimonia mara mbili katika mwaka mmoja. Mara ya pili daktari alimtazama Dolphine juu ya miwani akamwambia, "Mama, dawa tutampa. Lakini ukimrudisha kwenye upepo ule ule, tutaonana tena hapa, na sijui kama mara zote tutaagana vizuri."

Dolphine alirudi nyumbani akayatazama yale madirisha.

Utaniuliza, sasa si aite fundi? Hee! Wewe hulijui boma lile. Dolphine alikuwa Mkisii aliyeolewa kwa Wajaluo, na hapo nyumbani wote walimwita Nyar Kisii, binti wa Kisii, kwa mapenzi siku za mapenzi na kwa ukali siku za ukali. Na kulikuwa na mila ya zamani kwamba nyumba ya mjane ambaye hajarithiwa na ndugu wa mumewe haitiwi mkono na mwanaume. Atakayeikarabati ndiye mwenye nyumba, ndiye mume. Mjane akishaingiza mwanaume wa nje namna hiyo, huhesabiwa ameolewa kwingine, na nyumba inarudi kwa ukoo.

Familia nyingi za jirani zilikuwa zimeachana na mambo hayo kitambo. Mjane wa boma la tatu alibadilisha mabati yote, mafundi wakapanda juu mchana kweupe, na watu wakala chapati. Lakini Gordon, mdogo wake Chrispine, alikuwa na mila zake kabatini, akiitoa moja siku anapoihitaji. Yeye mwenyewe alijenga boma lake kabla ya kaka yake kujenga, jambo ambalo wazee wanalikataza kabisa, na siku hiyo mila ilikuwa imelala usingizi wa pono. Sasa ilikuwa imeamka. "Shemeji," alimwambia Dolphine, "ukitaka dirisha lirekebishwe, kwanza urithiwe. Mimi nipo."

Usidhani alimtaka. Mke alikuwa naye, na alimtosha hadi akamzidi. Gordon aliitaka nyumba. Watu wa miradi walikuwa wakitafuta nyumba za kupanga zinazotazama ziwa, na hakuna iliyolitazama ziwa kama ile. Dolphine alikuwa Msabato wa kubatizwa, kurithiwa alishakataa mbele ya mchungaji, na Gordon alilijua hilo. Alichosubiri ni ateleze tu.

Kwa hiyo Dolphine alijaribu mwenyewe. Alisokota magazeti akayashindilia kwenye nyufa. Yakalowa mvua ya kwanza yakawa uji. Akapigilia magunia ya mahindi. Yakapigapiga usiku kucha na sebule ikageuka ghala. Sebule ile ile ambayo Chrispine alichagua rangi yake, yenye vitambaa vyeupe vya kufuma kwenye kila kochi! Mama mkwe wake, Phelesia, alipoingia na mkongojo wake alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika mbavu. "Yawa, Nyar Kisii! Umeanza kuuza nafaka?" Dolphine alicheka naye, halafu akaenda jikoni akalia. Na mtoto bado alikohoa.

Ndipo akafunga safari kwenda Migori kwa mama yake.

Bathsheba alikuwa na kibanda cha mapazia nyuma ya soko, miaka ishirini na mbili sasa, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Alimsikiliza binti yake hadi mwisho huku pini zikiwa mdomoni, kisha akazitema mkononi. "Wanaume wawili wamekushinda, aliyekufa na aliye hai, na wote kwa dirisha moja. Njoo hapa."

"Mama, si ungekuja wewe ukanifanyia? Siku moja tu."

"Niingie chumba cha mkwe wangu? Hata akiwa kaburini, siingii. Heshima ni heshima, na hiyo si mila ya Gordon, hiyo ni yangu. Utajifunzia dirisha la kibanda changu, kisha utaenda kufanya kwa mikono yako. Mkono wa mwanaume hautakiwi hapo hata kidogo."

Akawasha kijiti cha udi, akakipitisha polepole pembeni mwa fremu. Moshi ulikuwa ukipanda wima. Penye ufa ukapinda ghafla. "Kwanza ujue mwizi anaingilia wapi," akasema. Kisha akamwonyesha mabaki ya sponji ambayo wauza magodoro hutupa. Yanakatwa vipande vyembamba, upana wa kidole, na kubandikwa kwa gundi upande wa ndani wa fremu, pale dirisha linapolalia, ili likifungwa sponji imezwe. Chini, mvua inapogonga, ni mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli. Kioo kinachocheza kinatiwa pati mpya, ule udongo wa mafundi unaoshika kioo. Kila kitu kinapakwa rangi ile ile ya fremu. Pazia lishonewe bitana ya blanketi kuukuu, fimbo yake ipite ukingo wa dirisha kwa shibiri nzima kila upande. Na juu ya kizingiti cha dirisha ulazwe mto mrefu mwembamba, uliojazwa vipande vya nguo na kuvikwa kitambaa kama kile cha makochi, mgeni adhani ni pambo.

"Na juu uache upenyo mmoja mdogo, mbali na kitanda," akaongeza. "Mtu si achari ya kufungiwa kwenye chupa. Jiko la makaa lisiingie humo, umesikia?"

"Nimesikia."

"Lingine. Kazi ya dirisha ikionekana, imeharibika. Mtu akiingia akaona sponji, umeweka kiraka. Akiingia akaona chumba kizuri tu, hapo umefanya kazi."

Dolphine alirudia dirisha lile la kibanda mara nne, na mara tatu mama yake alibandua akamwambia aanze upya. Alirudi Homa Bay na kiroba cha sponji ambacho hakikumgharimu zaidi ya nauli na gundi.

Sabato ilipopita akaanza. Siku ya kwanza alifanya chumba cha kulala. Siku ya pili, akiwa sebuleni na vidole vimeshikana kwa gundi, Phelesia akaingia, akaketi, akatazama kwa muda. "Lete huo mkasi," akasema bibi. "Unakata kama mtu anayechinja kuku." Na kwa mikono yake mwenyewe, iliyokwishapinda kwa baridi yabisi, akakata vipande kumi na vinne, akivihesabu kwa Kijaluo, huku akimpitishia kimoja kimoja. Wakacheka siku ile, wanawake wawili waliomzika mtu mmoja. Dolphine alimwona kama mama yake wa pili.

Chumba kilipoisha, wallahi ungekipenda! Mapazia ya bluu ya Chrispine yalianguka mazito hadi sakafuni. Mito mirefu ililala kwenye vizingiti na vitambaa vyake vyeupe vya kufuma. Hukuona sponji, hukuona mpira, hukuona kitu. Na Lynnet akalala hadi asubuhi. Wiki moja, mbili, tano, bila kikohozi. Mashavu yakarudi. Kila alasiri Phelesia alikuja na magoti yake, akaketi karibu na dirisha la pili, akawa anasinzia pale na kikombe cha chai. "Hapa magoti yangu hayanisemi," alikuwa akisema. Dolphine, mtu ambaye kwa miaka mitatu hakuwa ameomba Mungu ila kwa kulalamika, alianza kushukuru.

Kilichomwumbua ni pazia.

Alasiri moja upepo ulikuwa umechachamaa. Nguo zilikuwa zikiruka kwenye kamba, kuku wamejibanza nyuma ya choo. Gordon alikuwa akikata njia uani, akainua macho. Kwa miaka yote ile, upepo kama huo ukija, mapazia ya kaka yake yalikuwa yakicheza nyuma ya vioo vilivyofungwa. Leo yametulia tuli, kama ya benki. Akasimama. Akaingia bila kubisha, akapitisha kidole pembeni mwa fremu, akakinusa.

"Nani amefanya hii?"

"Mimi," akasema Dolphine.

Gordon akacheka, cheko la mtu aliyeokota noti njiani. "Wewe? Kazi yako tuliiona, shemeji. Ilikuwa magunia."

Jumapili iliyofuata alikuja na wazee wawili. Mmoja wala hakufungua mdomo siku nzima isipokuwa kwa chai. Mwingine alikuwa Mzee Elkanah, binamu ya marehemu baba mkwe, mtu mtaratibu, na neno lake ndilo lilikuwa likisikilizwa katika ukoo. Waliketi kwenye makochi yale, karibu na madirisha yale, na hakuna aliyeomba koti. Phelesia aliketi mahali pake, dirisha la pili.

Gordon alisema maneno yake. Nyumba ya kaka yake imekarabatiwa. Kazi ni safi, kazi ya fundi. Fundi ni mwanaume. Mwanaume huyo ni nani, na kwa nini anafichwa? Binti wa watu ana safari za Migori; huko kuna mtu.

"Huko kuna mama yangu," Dolphine akasema. "Alinifundisha kwa dirisha la kibanda chake. Hapa nimefanya mimi. Nitawaonyesha."

Akanyanyuka, akafungua dirisha la kwanza, akabandua kipande kimoja cha sponji mbele yao. Akakata kingine, akapaka gundi, akasubiri ishike, akabandika, akapaka rangi, akafunga. Mzee Elkanah aliinuka akaja kutazama kwa karibu. "Mkono huu unajua," akasema polepole.

"Anajua kwa sababu huyo mwanaume amemfundisha!" Gordon akaruka. "Omera, wazee, jiulizeni. Ni mwanamke gani anafanya kazi isiyoonekana hivi? Angeacha magunia yake, nani angemuuliza? Tungejua ni yeye."

Hapo Dolphine alihisi damu ikimpanda. Kwa hiyo kosa lake lilikuwa uzuri wa kazi! Angeishi na viraka, mtoto akohoe ndani ya ghala, angekuwa mjane mwema. Chanda chema huvikwa pete, wanasema. Chake kilivikwa bwana ambaye hakuwahi kuzaliwa.

"Mama alikuwepo," akasema kwa sauti kubwa, akimwonyesha Phelesia. "Muulizeni mama. Alishika mkasi."

Mzee Elkanah akamgeukia Phelesia kwa heshima. "Mama, wewe ni mkubwa katika nyumba hii. Ukisema ulimwona akifanya, mimi nitachukua fimbo yangu niende nyumbani, na jambo litakuwa limeisha. Ulimwona?"

Phelesia alitazama mkongojo wake. Alimtazama Gordon. Bibi huyu alikuwa akila katika jiko la Gordon, akilala katika nyumba ndogo nyuma ya Gordon, na dawa zake za magoti alizileta Gordon. Vidole vyake vilivyopinda vilisogea kidogo kwenye mapaja, vikafunguka na kujifunga kama vinavyokata kitu. Kisha vikatulia.

"Macho yangu haya yameisha," akasema. "Mimi sikuona."

Kikulacho ki nguoni mwako. Dolphine hakulia. Alimtazama tu, kwa uchungu ambao hata siku ya kaburi hakuwa nao, kwa sababu Chrispine alikufa bila kutaka, na huyu alikuwa ameketi pale, mzima, magoti yake yakiwa na joto.

Mzee Elkanah alishusha pumzi. Bila shahidi, akasema, hana la kushika. Ama Dolphine arithiwe ili nyumba itulie, ama amtaje mwanaume na kumfuata. Na mpaka achague, Gordon akadakia, vitu vya huyo mwanaume vitolewe kwenye madirisha yote, nyumba ibaki kama marehemu alivyoiacha.

"Vitoke?" akauliza Dolphine. "Na mtoto?"

"Mtoto alikuwa anaishi hapa kabla ya sponji," akasema Gordon.

Kesho yake alikwenda kwa chifu. Chifu alimwambia sheria iko upande wake kabisa, afungue kesi, ila shamba bado liko kwa jina la baba mkwe aliyekufa na itachukua muda. Muda gani? Chifu alikuna kichwa. Aliporudi, Gordon alikuwa ameshabandua chumba cha kulala kwa bisibisi, vipande vimetupwa uani, kuku wakivichokoa. Upepo wa chumbani ukaenea nyumba nzima, na siku ya tatu Lynnet akaanza kukohoa. Siku ya nne kikohozi kikawa na ile sauti ya chini, na Dolphine akayakumbuka macho ya daktari juu ya miwani. Nyumba inaweza kungoja mahakama. Kifua hakingoji.

Akafunga mizigo. Nguo, vyombo, picha ya Chrispine. Kisha akaingia sebuleni na kisu kidogo, akaanza kubandua yaliyobaki, kipande kwa kipande, taratibu, akikwangua hata gundi. Akashusha mapazia, akakunja mito. Phelesia alikuja akasimama mlangoni, akitazama upepo ukiingia tena na kunyanyua vitambaa vyeupe kwenye makochi.

"Nyar Kisii," akasema kwa sauti ndogo. "Hicho cha dirisha langu, si ungekiacha tu?"

Dolphine akaenda dirisha la pili. Akapitisha kisu chini ya sponji, akaivuta kutoka juu hadi chini, ndefu, nzima, akaitia kwenye kiroba pamoja na nyingine. "Nyumba ibaki kama marehemu alivyoiacha, mama," akasema. "Mlisema wenyewe."

Migori haina ziwa la kutazama. Wanaishi chumba kimoja nyuma ya kibanda, dirisha moja dogo linalotazama ukuta wa jirani, na Dolphine amelifunga mpaka moshi wa udi unasimama wima. Kesi ameifungua, imeahirishwa mara mbili. Lynnet hakohoi. Kibandani wateja wanauliza "yule mama wa madirisha", na Bathsheba anawaonyesha binti yake kwa mkasi.

Miezi miwili baadaye simu ikalia, namba ya Homa Bay. Sauti ilikuwa ya Phelesia, na nyuma ya sauti kulikuwa na mluzi mrefu ambao Dolphine aliutambua kabla ya salamu.

Bibi alieleza kwa kuzungukazunguka. Gordon alimhamishia katika nyumba ile ili isikae tupu mpaka wapangaji wapatikane. Wapangaji walikuja, wakasifu ziwa, upepo ukawapiga dakika kumi, wakaondoka. Fundi aliyeitwa na Gordon alibandika kitu cheusi kibaya, kikaanguka. "Magoti yangu yameisha, mwanangu. Siwezi hata kwenda chooni. Niambie tu, ulifanyaje yale madirisha?"

Dolphine alikuwa akiisubiri simu kama hii, hatudanganyani. Usiku mwingi alikuwa ameipanga, neno kwa neno, akitabasamu gizani. Sasa ilipofika hakuona utamu wowote, uchungu tu, ule ule.

"Mimi, mama?" akasema. "Mimi sikufanya. Si mlikaa mkasema ni mwanaume? Mtafuteni huyo aje awafungie."

Upepo tu, ukipiga mluzi kwenye simu kana kwamba uko hapo kibandani. Dolphine alidhani bibi amekata. Kisha Phelesia akasema, polepole, kama mtu anayehesabu:

"Vilikuwa kumi na vinne. Nilivikata mimi."

Dolphine akafumba macho. Mbele yake mteja alikuwa amesimama na vipimo vya dirisha kwenye karatasi, akisubiri.

"Najua, mama," akasema. "Hayo mwambie Mzee Elkanah."

"Gordon atanifukuza."

"Basi vaa sweta," akasema Dolphine, akakata simu, akapokea karatasi ya mteja na kumuuliza kama upana huo amepima ndani ya fremu au nje.